Shira kwanza, ndimu baadaye

Mtu akikamua ndimu tatu kwenye jagi la maji, akatia vijiko vinne vya sukari, akakoroga na kudondosha barafu, atapata kinywaji chenye tabia tatu ndani ya gilasi moja. Funda la kwanza ni kali hadi jicho linafumba. La katikati ni maji yenye harufu ya ndimu. La mwisho ni sukari mbichi inayosagika menoni. Nimeliona hilo katika nyumba nyingi hapa Malindi, kwa kinywaji cha watoto siku ya Idi na kwa kokteli ya watu wazima Jumamosi jioni, na shauri linalotolewa ni lile lile: "Ongeza sukari." Sukari inaongezwa, nayo inazama pale pale ilipozama ya kwanza.

Wengi wanaamini kwamba maji baridi hayawezi kubeba sukari nyingi. Yanaweza. Gramu 100 za maji ya nyuzi 20 huyeyusha takriban gramu 200 za sukari, na hata maji yanayokaribia kuganda hubeba zaidi ya gramu 170. Nafasi ipo tele. Kinachokosekana ni kasi. Kwenye maji ya barafu, chembe za sukari huyeyuka polepole mno, na mnywaji hana subira ya kukoroga robo saa. Pombe kali ikiwamo, shida inazidi, maana sukari huyeyuka kwa tabu sana katika pombe kuliko katika maji. Basi jambo la kwanza la kujua kuhusu kokteli ya ndimu ni kwamba sukari yake inatakiwa iwe imekwisha kuyeyuka kabla haijakutana na barafu, ndimu wala pombe. Inatakiwa iwe shira.

Neno shira kwetu huleta kaimati moja kwa moja, na pengine ndiyo sababu hatulifikirii tunapotengeneza kinywaji. Wahudumu wa baa kote duniani hawaanzi kazi bila chupa yao ya shira, nasi tunayo jikoni tangu enzi za mabibi. Hata jina wanalolitumia Wazungu, syrup, lina asili ya upande wetu wa bahari: sharab, neno la Kiarabu la kinywaji, lilizaa siropus ya Kilatini, na mzizi huo huo ukatupa sisi sharubati. Shira ya kaimati na shira ya kokteli ni ndugu. Tofauti yake ni wepesi, na kile unachokiweka ndani ili inukie.

Khala yangu, dada wa mama, ndiye aliyenifundisha shira, na somo lake la kwanza lilihusu ndimu. Kila alipopika shira ya kaimati alikamulia matone machache ya ndimu sufuriani. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mwanangu, shira bila ndimu hulala shira ikaamka mawe." Miaka mingi baadaye nilipata kuelewa kilichokuwa kikitendeka. Sukari ya mezani ni sukrosi, na kila chembe ya sukrosi ni glukosi na fruktosi zilizoshikana. Asidi ya ndimu ikisaidiwa na moto huachanisha sehemu ya jozi hizo. Sufuriani sasa kuna sukari za aina tatu zenye maumbo tofauti, na zisizofanana haziwezi kujipanga safu kwa safu na kugeuka mawe. Khala hakuwa na haja ya maneno hayo. Alikuwa na shira isiyoganda.

Kwa shira nyepesi ya vinywaji, matone hayo si ya lazima, kwa sababu maji yake ni mengi. Kwa shira nzito yanasaidia sana.

Nyepesi, nzito, na udanganyifu wa kikombe

Shira nyepesi ni sukari na maji kwa uzito sawa: gramu 200 kwa gramu 200. Shira nzito ni sukari mara mbili ya maji: gramu 400 kwa gramu 200. Nimesema uzito, na nasisitiza, kwa sababu hapa ndipo vipimo vya watu hupotea. Kikombe cha mililita 250 kikijazwa maji kina gramu 250. Kikijazwa sukari kina gramu 200 hivi, maana katikati ya chembe mna hewa. Anayepima kikombe kwa kikombe anapata shira yenye sukari kama asilimia 44, ilhali aliyetumia mizani anapata asilimia 50. Zote mbili zinanyweka. Tatizo huja unapofuata kipimo cha mtu mwingine: wewe una shira ya kikombe, yeye alikuwa na shira ya mizani, na kinywaji chako kinatoka kikali bila wewe kujua kosa liko wapi. Asiye na mizani atumie kikombe, mradi atumie hicho hicho kila siku.

Jambo lingine linalowashangaza watu: gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji hazitoi mililita 400 za shira. Zinatoa kama 325. Kwa hiyo mililita 30 za shira nyepesi zina sukari gramu 18 hivi. Shira nzito inahitaji mililita 20 tu kufikia hapo. Vipimo viwili vya nzito hufanya kazi ya vitatu vya nyepesi. Ukikumbuka hilo unaweza kutumia chupa yoyote iliyopo.

Kuipika ni jambo dogo, na kosa lake kubwa ni kuipika kupita kiasi. Chemsha maji, zima jiko, mimina sukari, koroga mpaka maji yawe maangavu. Imekwisha. Ukiiacha itokote dakika kumi, maji yanapaa, shira inakuwa nzito, na kipimo ulichoanza nacho hakipo tena. Kwa kaimati tunautaka unato huo, tena tunaupima kwa vidole viwili tukitazama uzi. Kwa gilasi hatuutaki.

Mimi hupendelea nyepesi kwa kunywa, kwa kuwa inachanganyika haraka na mkono ukikosea kidogo kinywaji hakiharibiki. Ila haikai. Kwenye friji hudumu kama mwezi mmoja ikiwa chupa ilisafishwa kwa maji ya moto. Nje, kwa joto la huku, siku chache tu inaanza kutoa povu. Nzito hudumu zaidi, kwani sukari inapokuwa nyingi kiasi hicho huwanyima vijidudu maji ya kuishi. Umeme wa mtaa ukiwa na mazoea ya kukatika, tengeneza nzito.

Ndimu na shira, sawa kwa sawa

Sasa kipimo chenyewe. Kokteli karibu zote za ndimu na limau, ziwe zina majina makubwa au hazina jina, zimesimama juu ya uti mmoja: kitu kikali, kitu chachu, kitu kitamu, na maji. Daiquiri ya Cuba ni ramu, ndimu na sukari. Dawa ya kwetu Kenya ni vodka, ndimu, sukari na asali. Badilisha pombe, badilisha tunda, uti unabaki.

Uchachu na utamu wake huanza vizuri kwa sawa kwa sawa: mililita 30 za maji ya ndimu kwa mililita 30 za shira nyepesi. Kwa nini? Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki kama gramu 6 katika kila mililita 100, kwa hiyo mililita 30 zina chini kidogo ya gramu 2. Shira yako ina sukari gramu 18. Ni kama asidi moja kwa sukari tisa au kumi. Sasa lichukue chungwa lililoiva vizuri: asidi yake ni kama asilimia 1, sukari yake karibu asilimia 10. Uwiano ni ule ule! Ulimi unaukubali mchanganyiko huo kwa kuwa umeuzoea tangu utotoni kwenye tunda. Nilipoifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu ilinionyesha kwamba kipimo cha wahudumu wa baa hakikutungwa tu na mtu.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini kokteli ya chungwa peke yake hupooza. Chungwa limekwisha kujisawazisha lenyewe. Ukilitia shira umevunja mizani, na kinywaji kinakuwa kama peremende iliyoyeyushwa. Chungwa au chenza linahitaji ndimu ya kuliamsha: mililita 60 za chungwa, 20 za ndimu, 15 za shira. Balungi lina uchachu kama mara mbili ya chungwa pamoja na uchungu wake, nalo linapenda chembe mbili tatu za chumvi, maana chumvi hupunguza uchungu ulimini hata pale isipoonja yenyewe. Danzi linalotupwa chini ya miti ni tunda zuri kwa kazi hii kuliko heshima linayopewa: chachu kama limau, lina harufu nzito ya chungwa, na ganda lake ni hazina. Ukwaju nao ni chachu wenyewe kwa wenyewe. Ukiutia, upunguze ndimu, usiuhesabu kama utamu.

Kuhusu ndimu zenyewe, nawaomba wanunuzi wa sokoni waache kuzikataa za njano. Ndimu ya kijani na ya njano ni tunda moja kwa umri tofauti. Iliyoachwa mtini hugeuka njano, na mara nyingi hutoa maji mengi zaidi. Ndimu zetu ndogo za pwani, zenye ganda jembamba na mbegu nyingi, mbili au tatu hutosha mililita 30. Zibiringize mezani kwa kiganja kwanza. Kamua saa ile ile unayotaka kunywa, au saa chache kabla. Maji ya ndimu yaliyolala hupoteza ule ubichi unaopanda puani, na yaliyochemshwa hunuka kama ya kopo, ndiyo maana ndimu ya kunywa haiingii sufuriani kabisa.

Matunda haya na muwa ni majirani wa siku nyingi katika pwani hii. Mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipofika Mombasa, mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Yameandikwa katika shajara ya mmoja wa wasafiri wenyewe. Vyote viwili, uchachu na sukari, katika kapu moja. Waliporudi kutoka India wakatia nanga Malindi, Januari 1499, mabaharia walikuwa wakifa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na kitu ambacho wagonjwa walikitamani zaidi kutoka nchi kavu kilikuwa machungwa. Yaliletwa, lakini wengi walikuwa wameshachelewa. Ilichukua muda mrefu Wazungu kulishika somo hilo: daktari James Lind alifanya jaribio lake la machungwa na malimau melini mwaka 1747, na mwaka 1867 Lauchlan Rose wa Uskoti akapata hataza ya kuhifadhi maji ya ndimu kwa sukari badala ya pombe. Alichokifanya Rose, kwa ufupi, ni kuiweka ndimu ndani ya shira ili isioze baharini. Kila nikipita karibu na ile nguzo nyeupe ya Vasco da Gama iliyo ukingoni mwa bahari nawaza yale machungwa, kuliko ninavyowaza msalaba ulio juu yake.

Harufu: moto kwa nani, baridi kwa nani

Shira ya sukari na maji inatoa utamu tu. Utajiri wa kokteli ya nyumbani uko katika kuipa shira harufu, na hapa mtu wa pwani ana kabati lililojaa. Kuna jambo moja la kuelewa, na ukilielewa huhitaji mapishi ya mtu: harufu ni mafuta mepesi yanayoruka. Moto huyatoa kwenye kiungo, na moto huo huo huyafukuza jikoni. Nyumba nzima ikinukia iliki, ujue iliki hiyo haiko tena sufuriani.

Kwa hiyo gawa viungo vyako kwa ugumu. Vijiti na magome, kama mdalasini, vina moyo mgumu. Vichemshe kwenye maji robo saa kabla sukari haijaingia. Iliki ni laini. Ponda tembe nane kwa kila gramu 200 za sukari, zivunjike tu, zisiwe unga. Zitie shirani ukishazima jiko, funika kwa mfuniko unaobana, ngoja nusu saa, chuja. Usizilaze humo mpaka asubuhi, maana maganda yake huanza kutoa ladha kama ya majani makavu. Karafuu ni tatu tu, na ninasema tatu nikimaanisha tatu. Mafuta yake makuu, yujenoli, ndiyo yanayotia ganzi mtu anapoweka karafuu kwenye jino bovu. Zikizidi, hutaonja ndimu wala kitu kingine.

Tangawizi ina sura mbili, na watu hubishana juu yake bila kujua kwamba kila mmoja anasema kweli. Tangawizi mbichi iliyoparuzwa na kukamuliwa ina ukali unaokata koo. Ikichemshwa, sehemu ya kile kinachochoma hugeuka kuwa kitu kipole chenye utamu wa mbali, na ikikaushwa hugeuka upande mwingine, inakuwa kali zaidi. Ndiyo maana tangawizi ya unga haifai kuwekwa badala ya mbichi kijiko kwa kijiko. Mimi hutumia njia zote mbili kwa pamoja: vipande vya tangawizi nachemsha dakika kumi na maji ya shira, kisha shira ikipoa natia kijiko kimoja cha maji ya tangawizi mbichi. Kimoja kinatoa mwili, kingine kinatoa ukali.

Mchaichai upondwe mashina, utiwe kwenye shira ya moto, ufunikwe. Asumini usiuonyeshe moto kabisa. Tupia maua machache yaliyofunguka jioni kwenye shira iliyopoa, funika usiku kucha, yatoe asubuhi. Hakikisha hayajapuliziwa dawa ya wadudu. Ya uani kwako ni salama kuliko ya kununua. Arki ya waridi ni tone, tone jingine, basi.

Nimeliacha ganda mwisho kwa kuwa ndilo ninalolipenda. Ukilikunja ganda la limau karibu na mwali wa mshumaa utaona cheche: ni mafuta yaliyofungwa kwenye vijifuko vya ngozi ya juu. Harufu tunayoiita ya ndimu au ya chungwa inakaa huko zaidi kuliko kwenye maji ya tunda, na tunapokamua na kutupa ganda tumetupa nusu ya kinywaji. Yachukue maganda ya malimau manne, au ya madanzi matatu, yaliyomenywa kwa kisu kikali, ngozi ya juu peke yake. Ile nyama nyeupe ya ndani iache, ndiyo yenye uchungu. Yafukie ndani ya gramu 200 za sukari, yakande kwa mkono au mwiko dakika chache, funika, acha usiku mmoja. Sukari ina uroho wa unyevu. Huuvuta utoke kwenye ganda, na mafuta hufuata. Asubuhi utakuta sukari imelowa, ina rangi hafifu ya dhahabu, na harufu yake inakufikia kabla hujafunua. Mimina mililita 200 za maji ya moto, koroga, chuja. Sijui shira nyingine yenye gharama ndogo na faida kubwa kama hii. Machungwa ya supamaketi yanayong'aa yaoshwe kwanza kwa maji ya moto na kusuguliwa, kwani mengi yamepakwa nta.

Mafuta hayo hayakubali maji, yanakubali pombe. Ndiyo siri ya limoncello, ambayo Waitaliano waliohamia Malindi hutengeneza majumbani mwao: maganda ya malimau hulowekwa kwenye pombe kali kwa siku nyingi, pombe ikachukua rangi na mafuta yote, kisha ikachanganywa na shira. Wakati huo kinywaji angavu kinageuka ukungu, kwa sababu maji ya shira yameyasukuma mafuta yatoke. Aliyeona ukungu huo asidhani kimeharibika.

Barafu ni kiungo

Joto la Malindi mwezi wa Februari halimpi mtu nafasi ya kuzembea na barafu. Barafu ina kazi mbili, kupoza na kutia maji, na ya pili ni ya kweli kama ya kwanza. Kokteli iliyotikiswa na barafu sekunde 12 hivi huongezeka kwa robo ya ujazo wake au zaidi, yote maji. Bila maji hayo kinywaji ni kizito, kinachoma. Mtu anayeogopa "kuzimua" akaweka barafu mbili ndogo ndiye anayepata gilasi ya maji, maana barafu chache hushindwa na joto, zinayeyuka zote na kinywaji hakijapoa. Jaza gilasi barafu hadi juu. Nyingi hupozana zenyewe. Barafu ile ya mfuko inayouzwa mtaani ni nzuri ukiipasua mapande makubwa, kwani pande kubwa lina ngozi ndogo kwa uzito wake, huyeyuka taratibu. Iwe ya maji ya kunywa tu.

Chombo cha kutikisia si lazima. Chupa ya jemu yenye mfuniko unaobana inatosha.

Na uonje kinywaji kikiwa baridi. Ulimi uliopozwa husikia utamu kwa udhaifu, ilhali uchachu haupungui kwa kiasi hicho. Kinywaji kilichopimwa sawasawa kabla ya barafu hutoka kichachu baada ya barafu. Soda yako uliyoisahau mezani mpaka ikapata moto inakupa ushahidi: sukari ni ile ile, ila sasa inakera. Kwa hiyo kikionja kitamu kupita kidogo kabla ya kupoa, kiko sawa.

Yenye pombe na isiyo na pombe

Wageni wangu ni wa aina mbili, nami nawaheshimu wote. Kuna wasiotia pombe mdomoni kwa dini yao au kwa hiari yao, na katika miji ya pwani kama Lamu na Malindi hao ni wengi. Kuna wanaokunywa. Kosa la waandaji ni kuwapa wa kwanza gilasi iliyopunguzwa kitu, ndimu na maji tu, kama adhabu.

Kwa anayekunywa, aliyetimiza miaka 18, kipimo ni mililita 50 za vodka, jin au ramu, 30 za ndimu, 30 za shira, tikisa na barafu. Dawa, ambayo mkahawa wa Carnivore wa Nairobi uliifanya maarufu, ina njia yake: ndimu iliyokatwa vipande hupondwa na sukari ndani ya gilasi, barafu na vodka hufuata, kisha kijiti kilichozungushiwa asali. Ni ndugu wa caipirinha ya Brazili. Kule kuponda ganda pamoja na sukari ni lile lile jambo la mafuta nililolieleza, limefanywa kwa haraka. Asali kwenye baridi hugeuka gundi na kubaki kijitini, basi nyumbani ifanye shira: vipimo viwili vya asali kwa kimoja cha maji ya uvuguvugu. Pombe nunua iliyofungwa na lakiri yake, dukani, kamwe si ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Watu wamepofuka na kufa nchini humu kwa pombe yenye methanoli.

Kwa asiyekunywa, jiulize pombe ilikuwa inafanya nini. Ilikuwa inachoma kidogo, ilikuwa na uchungu, ilikuwa inakipa kinywaji uzito. Hayo yana mbadala. Chai ya rangi iliyokolea, ile tunayoiita chai ya mkandaa kwa wekundu wake, inatoa ukakasi unaokamata ulimi. Tangawizi mbichi inachoma. Chembe za chumvi zinazungushia ladha. Mililita 60 za chai hiyo iliyopoa, 30 za ndimu, 30 za shira ya iliki au ya maganda, barafu tele: ni kinywaji kamili, na nimewaona wanaokunywa pombe wakiacha chao na kuomba hicho.

Kwa jagi la watu kumi usitikise gilasi moja moja. Mililita 300 za ndimu, ambazo ni kama ndimu ndogo 25, 300 za shira, 600 za chai au 500 za pombe. Halafu tia mililita 300 za maji ya kunywa yaliyopozwa. Hayo ni yale maji ambayo barafu ingeyatoa wakati wa kutikisa, na watu wengi huyasahau, kisha wanashangaa jagi limekuwa kali. Liweke frijini saa mbili. Barafu itiwe kwenye gilasi, isitiwe jagini, ili wa kumi anywe alichokunywa wa kwanza.

Chupa za shira andika siku uliyopika. Siku hizi nina tatu mlangoni mwa friji: ya maganda ya danzi, ya tangawizi, na ya iliki. Ya iliki huisha mapema, kwa sababu Khala akija ndiyo anayoitaka, na kila akija ananiambia niongeze tembe mbili.